Kidomo wa Ukurasa wa Mwisho

Gauni lilikuwa la mtoto wa miaka minane, na nyumba ile haikuwa na mtoto.

Mke wa fundi alilitandaza kitandani, akainyoosha mikono yake midogo. Alikuwa amelipokea mchana ule kwenye kongamano la akina mama, kutoka kwa mgeni wa kanisa la mbali. "Mpelekee Kidomo," mgeni alisema akimkumbatia. "Mwambie kuna bibi huko kwetu anacheka peke yake kama mwehu kwa ajili yake."

Hakuwa na moyo wa kumwambia ukweli. Alishukuru, akaenda msalani, akafungulia bomba hadi mwisho ili kilio chake kisisikike.

Kidomo aliishi ukurasa wa mwisho wa gazeti la kanisa, katika safu ya mumewe iliyoitwa "Baba Nyumbani". Mumewe alikuwa fundi wa majenereta ya hospitali, mtu wa vidole vinene na maneno matamu. Kila wiki aliandika kwa mkono visa vya nyumbani kwake, na kila Alhamisi mkewe akavipiga chapa na kumtumia mhariri. Humo mlikuwa na mke anayeimba tenzi kwa sauti ya kufukuza mbwa. Mlikuwa na mtoto wa kiume wa chuo ambaye simu yake hulia tu akiwa na njaa. Hao walikuwa wa kweli. Na mlikuwa na Kidomo.

Kidomo aliuliza kama Mungu huvaa miwani, maana watu wa huku chini ni wadogo mno. Kidomo alidai mchungaji hufumba macho akiomba kwa sababu maneno yameandikwa ndani ya kope zake. Kidomo alimaliza sala ya chakula kwa kusema, "Amina, na safari hii usisahau nyama."

Miaka minane nyuma, mke wa fundi alijifungua mtoto wa kike aliyeishi siku kumi na moja. Walimzika, wakarudi nyumbani, kila mtu akalia upande wake wa kitanda. Fundi akaanza kuzipenda kazi za mbali, siku tatu huku, siku nne kule. Alikuja kurudi na kisa cha mtoto mchanga anayepiga chafya kila baba yake anapoanza kusali. Mkewe alifika katikati ya ukurasa, vidole vikagoma.

"Ni yule wetu, sivyo?" aliuliza.

Fundi alimwekea mkono begani, akauacha pale muda mrefu.

Mkewe hakuuliza tena. Mtoto akakua gazetini wiki baada ya wiki. Akaota meno, akatembea, akaanza shule mwaka uleule ambao wao wangempeleka wa kwao. "Dada yangu wa gazetini anapendwa kuliko mimi," kijana wa chuo alilalamika. Waumini wa kanisani kwao walilijua kaburi, wakanyamaza kwa heshima. Na mama alikuwa mwepesi wa kusamehe safari, maana mwenye safari alirudi na mtoto mkononi.

Wakati mwingine fundi alizidisha. Wiki aliyoandika kwamba Kidomo ana tetekuwanga, alirudi na vipele usoni, akailaumu wodi ya watoto alikotengeneza jenereta. Mkewe alimpaka dawa huku mbavu hana. "Umeandika kwa moyo mpaka umeambukizwa!"

Lakini gauni lilimshinda. Hadithi inayojulikana kuwa ni hadithi haina ubaya, ila sasa watu walikuwa wakimshonea mtoto nguo. Watamwombea aolewe. Naye mama ataendelea kujibu "hajambo" mpaka azeeke.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Fundi alikuwa njiani tangu alfajiri, akitoka kazini mbali, na kisa cha wiki hakikuwa kimefika. Mama alipiga magoti kando ya kiti, akasali bila maneno, kisha akaketi kwenye kompyuta na kwa mara ya kwanza akaandika yeye mwenyewe. Aliandika aya nne. Alizichapa, akazisubirisha mezani. Mhariri angezipata wakishakubaliana wote wawili. Alitaka wamzike tena, safari hii wakiwa wameshikana.

Fundi aliingia alasiri, vumbi mpaka kwenye nyusi, akatua mfuko wa spana mlangoni.

"Mama, wiki hii kaa chini kabisa usije ukaanguka," alisema, akipapasa karatasi kwenye mfuko wa shati. "Anataka kujua kama Yuda alikwenda Sunday school."

"Kabla hujanisomea, soma hiki."

"Umeanza kunipora kazi?" Alivaa miwani akicheka.

Mkewe alisimama karibu naye, mikono tayari. Alikuwa ameyasubiri machozi yake kwa miaka minane. Alimwona akiufikia mstari wa kwanza, ule uliosema: *Kidomo wetu ametutoka leo asubuhi, kwa utulivu, akiwa usingizini.*

Kicheko kilibaki kimekwama usoni pa fundi, hakijui pa kwenda. Hakufika mstari wa pili.

"Nani kakupigia?" alinong'ona.

"Kunipigia? Baba, nimeandika tu ili..."

Hakumsikia. Alikuwa ameshachomoa simu, vidole vinene vikikosea namba, vikirudia, vikikosea tena. Aliketi sakafuni juu ya spana zake.

"Mama Kidomo," alisema mara simu ilipopokelewa, sauti ikikatika, "mtoto yuko wapi? Mwamshe. Mpe simu nimsikie."