Mashavu ya Panya Buku

Panya Buku ana mifuko mashavuni, na huyu hakuwahi kuiacha mitupu. Jirani zake walipokutana jioni kusali na kugawana walichookota, yeye alikaa pembeni kimya, kwa maana angefungua kinywa mahindi yangemwagika.

"Wenye njaa ndio wamwombe Mungu," alijisemea shimoni kwake. "Mimi nina akiba."

Masika yakaja, shimo lake likafurika. Akajaza mashavu, akakimbilia kwa Nungunungu mwinukoni. Mashavu yakakwama mlangoni, na maji yalikuwa yanapanda nyuma yake.

"Tema uingie," Nungunungu alimwambia. "Chakula kipo humu."

Buku akatikisa kichwa. Maji yakamfika kiunoni. Nungunungu akapandwa na hasira, akamchoma mwiba kila shavu. Mahindi yakamwagika, naye akapenya hadi ndani palipoinuka pakavu, katikati ya jirani zake.

"Umeniua," Buku alilia. "Sasa nitakula nini?"

"Utakula walichookota hao uliowadharau. Lakini hapa tunaanza kwa sala, na leo kinywa chako hakina kisingizio. Tuongoze."

Buku akainamisha kichwa. "Baba yangu..."

Nungunungu akasimamisha miiba yote.

"Baba yetu," alisema. "Anza upya."