Kielelezo cha Mlangoni

Mteja wa kwanza asubuhi hiyo alikwama dirishani. Kichwa na mikono vilikuwa tayari ndani ya kibanda cha kinyozi, miguu ikirusha mateke huko nje, na mke wa kinyozi alikuwa akimsukuma kwa bega bila aibu yoyote, maana alishazoea.

"Mvute, baba watoto!"

"Namvuta! Mwambie atoe pumzi!"

Mlango ulikuwepo, tena mzuri, wa mbao ngumu. Ila ulikuwa umebanwa na gari la kinyozi mwenyewe, na gari hilo lilikuwa kielelezo cha mahakama. Binti mmoja mwanafunzi, akijifunza kuendesha kwa gari la mjomba wake, alirudi nyuma alipotaka kwenda mbele, akaligonga ubavuni, likasogea mpaka likauziba mlango. Pale lilipobonyea hapazidi sahani. Lakini kinyozi alikwenda kushtaki siku ile ile, na hakimu wa wakati huo akaamuru gari lisisogezwe wala lisiguswe mpaka mahakama ije ilione kwa macho yake.

Mahakama haikuja. Hakimu yule alistaafu, aliyemfuata akahamishwa, wa tatu akaugua mgongo. Jalada likapotea, kisha likapatikana chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Kesi ikaota mvi. Paka alizaa kwenye kiti cha nyuma cha kielelezo, na wanawe nao wakaja kuzaa kwenye kiti cha mbele. Kinyozi naye mtaa mzima ulimwita Baba Dirisha. Wateja wanene walimkimbia, wazee wakawafuata, akabaki na vijana wembamba, nao wengi wao siku hizi wananyoana wenyewe.

"Si ulisogeze tu?" mkewe alimwambia kila mara.

"Nifungwe kwa kuharibu ushahidi? Mimi naheshimu amri."

Sasa mwenye nyumba alikuwa amechoka. Alisema mwezi huu ukiisha, ama gari liondoke, ama aondoke kinyozi, kwa sababu amepata mpangaji anayetaka kuingilia mlangoni kama binadamu. Kinyozi alikuwa na kibanda hicho tangu ujana wake, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua duniani. Aliogopa, na hakuona haya kusema kwamba anaogopa.

Mteja alipotumbukia ndani, kinyozi alimkabidhi mkewe mashine ya kunyolea, akatoka kwa njia ile ile ya dirisha, akaelekea mahakamani.

Karani wa mahakama, ambaye kwa kuonana mara kwa mara alishakuwa kama shemeji, alimvuta pembeni.

"Leo tuna hakimu mpya, Baba Dirisha. Mwanamama. Hana mchezo, kuahirisha kwake ni mwiko. Mdaiwa wako asipotokea leo, anamsikiliza aliyekuja na kutoa hukumu hapo hapo. Umeshinda."

"Na akitokea?"

"Akitokea ndiyo basi. Tunaanza moja."

Kinyozi akamwomba Mungu binti yule asitokee. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kutokea. Alikuwa akimtuma mjomba wake, mzee mpole, kuja kumwombea udhuru. Leo yuko masomoni. Kesho yuko mafunzoni. Mara kapangiwa kazi mbali.

"Masomo gani hayo yasiyoisha, mzee mwenzangu?" kinyozi alimuuliza siku moja. "Au anasomea kurudi nyuma?"

Lakini safari iliyopita mzee alikuja meno yote nje. "Mwanangu kahamishiwa hapa hapa mjini. Mara ijayo utamkuta humu humu mahakamani, Mungu akipenda."

Hilo ndilo lililomkosesha kinyozi raha. Aliingia ukumbini akakagua benchi moja moja. Akatoka uani, akachungulia mpaka foleni ya choo. Binti hayupo. Hata mjomba hakuonekana. Alirudi, akakaa, roho ikamtulia kidogo.

"Simameni!"

Hakimu aliingia na joho jeusi, miwani minene na uso wa mtu asiyetaka masihara. Aliamua kesi mbili kabla watu hawajakaa vizuri. Kinyozi alimpenda papo hapo.

Kisha karani alimwekea mezani jalada kuukuu lililofungwa kwa kamba. Hakimu alisoma ukurasa wa kwanza, akalifunga. Akalifungua tena. Akanywa glasi nzima ya maji bila kupumzika. Kinyozi alimwelewa kabisa: mama wa watu alikuwa amepandwa na hasira kwa jinsi raia mwema alivyoteswa.

"Mdai yupo?" karani aliita.

"Nipo, mheshimiwa!" Kinyozi aliruka juu utadhani kakalia msumari.

"Mdaiwa yupo?"

Kinyozi aligeuka kuutazama mlango wa ukumbi. Hakuna aliyeingia. Machozi yalimlenga, na moyoni alishaanza kulisukuma gari lile yeye na mkewe, taratibu, mpaka ng'ambo ya barabara.

"Mdaiwa! Naita kwa mara ya mwisho. Yupo?"

Hakimu alivua miwani, akainuka kitini.

"Nipo," alisema.