Masizi Kwenye Shuka

"Nusa," alisema Mama Shuka, na kusogeza pindo la shuka hadi chini ya pua ya jirani yake. "Nusa mwenyewe, uniambie kama kuna mgeni atakayelilalia hili."

Jirani hakunusa. Alikuwa ameinamia jiko lake la mkaa, anapepea, na birika jeusi limekaa juu ya moto kama mama mkwe aliyegoma kurudi kwake. Nyumba nzima ilimwita Birika kwa sababu ya hilo hilo. Alikuwa muuza chai, na kabla hajaamka yeye, hakuna aliyeamka.

"Shoga, kama mashuka yako yanaogopa moshi, yafundishe kukohoa."

Watu wakacheka. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vingi na kuta nyembamba. Ugomvi ukianza upande huu, upande ule wanapunguza redio wasikose neno. Kinyozi wa chumba cha mbele alishatoka na kitana mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu.

Mama Shuka hakucheka. Alikuwa dobi wa nyumba za wageni, na mashuka meupe ndiyo yaliyompa jina na riziki. Kila akiyaanika, masizi yaliyatambalia kama kunguni. Yaliingia puani, kwenye mswaki, kwenye maji ya kunywa. Akitema mate, meusi. Kinyaa kilimkaba hata chakula kikawa hakipiti. Na leo subira ilikuwa imekwisha kabisa, maana kijana wake, mtoto wa kaka yake, alikuwa njiani anakuja, na yeye alikwisha apa kwamba hatampokea kwenye tanuri.

Basi akayaacha mashuka, akashika jambo zito zaidi. Aliwakumbusha yale aliyosema mtaalamu redioni, na wote walisikia: kwamba hewa chafu ya bara hili, sehemu yake kubwa haitoki kwenye magari wala viwandani. Inatoka kwenye miti inayoangushwa na ardhi inayogeuzwa mashamba. Wenzetu wa ng'ambo wanachafua kwa mitambo, sisi tunachafua kwa panga na kiberiti.

"Kwa hiyo usijidanganye kwamba unachemsha chai," alimalizia. "Unachemsha msitu."

Neno hilo liliwakolea watu. Birika alijitetea: gunia moja la mkaa linamtosha mwezi, gesi bei yake haikamatiki, na watoto wake wanasoma kwa hiyo hiyo chai. Lakini tayari walikuwa wameanza kuziba pua, walewale walioshika vikombe vyake.

Kinyozi akajipa uenyekiti. Alisema huyu mama si wa maneno matupu. Ana msitu wa urithi, kaachiwa na marehemu baba yake. Nani hapa hakuonyeshwa zile picha kwenye simu? Miti ambayo watu wazima wakishikana mikono hawaizungushi shina, nyani mpaka mlangoni, chemchemi inayotoka kwenye jiwe. Na kijana wake amekuwa huko tangu mvua zilipokatika, analala kwenye hema.

"Sisi wengine tungeshauza, tukanywa," alisema kinyozi. "Mwenye msitu ndiye anayejua uchungu wa mti."

Mama Shuka aliinamisha macho kama bibi harusi anayesifiwa na wakwe.

Ikakubaliwa: jiko litoke, tena leo. Birika aliuliza akachemshie wapi. Barabarani askari wa jiji wanapiga teke masufuria, chumbani watoto watakosa pumzi. Ghafla kila mtu alikumbuka kazi yake, na hata yule mteja aligundua kwamba kichwa chake kina upande mwingine.

Birika akainua birika. Aliwamiminia waliobaki na vikombe mpaka tone la mwisho, nao wakanywa, kisha akamwaga maji juu ya makaa. Jiko lilifoka kama paka aliyekanyagwa mkia. Harufu ya majivu mabichi ikajaa uani, na Mama Shuka akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Utaona ahueni, mwenzangu," alimwambia. "Vifua vya watoto vitaachia. Hewa safi ni dawa."

"Ndiyo nitakayowapakulia jioni," alisema Birika. Akabeba jiko lake likichuruzika maji meusi, akaingia kwake, akafunga mlango.

Mama Shuka alipiga deki kuanzia ngazini mpaka kizingitini, akalifua tena lile shuka, akalianika. Akasimama katikati ya ua na kuvuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Hapakuwa na harufu yoyote. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale, alihisi njaa. Chakula kilikuwa tayari, kimefunikwa, aliposikia lori linazimwa nje ya geti.

Kijana aliingia mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka kucha, macho yamevimba, anakohoa na kucheka kwa pamoja. Hakungoja hata kukaa.

"Shangazi, tumemaliza. Kuanzia mtoni mpaka juu mlimani, hakuna kilichosimama. Tingatinga limeng'oa hadi visiki. Moto tumewasha juzi na bado unakula, moshi wake umetufuata njia nzima. Wenye miwa wakija kesho kupokea shamba lao, wanakuta ardhi tupu kama kiganja."

Mama Shuka alimtazama kwa upendo, kisha akatazama miguu yake.

"Vua viatu hapo hapo, mwanangu, nimepiga deki," alisema. "Ingia ule."