Kamba ya Mafundo Matatu

Katika mji ule, mke hupima jiko lake kwa kamba akampelekea fundi. Nuru alimletea mumewe Shaweji kamba yenye mafundo matatu: urefu, upana na kimo. Kwa kamba hiyo Shaweji akaunda sanduku la mbao la kuwekea unga na mchele. Alipolifikisha nyumbani, halikuingia chini ya rafu.

"Nilikosea kupima," Nuru alisema bila kumtazama. "Liache tu, Baba Shani. Nitalitafutia mahali."

Kesho yake Kilindo, rafiki wa Shaweji anayeishi peke yake, alimwita arekebishe mlango wa jikoni. Shaweji aliinama kuokota msumari, akaona pengo tupu chini ya rafu, limefagiliwa vizuri. Hakujua kwa nini alitoa kamba mfukoni. Fundo la kwanza liliangukia ukingoni kabisa. La pili halikuzidi hata unywele. La tatu alilipima mara mbili.

"Vipi fundi, mlango umekataa?" Kilindo aliuliza kutoka sebuleni.

"Umekubali," alisema Shaweji. "Sasa unafunga vizuri."

Akabaki amepiga magoti palepale, anahangaika kwa meno kufungua fundo la kwanza, ambalo Nuru alikuwa amelikaza sana.