Maji ya Jumatatu

Visahani vya kuoteshea bakteria, vya wiki ya tano sasa, navyo havikuotesha kitu. Gasaro aliviinua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha la maabara. Maji ya ziwa yakose bakteria?

Maji hayo aliyateka baba yake, Sibomana, kila Jumatatu alfajiri akirudi kuvua sambaza, vidagaa vya ziwa hilo. Chupa aliziacha jikoni, na mama, Épiphanie, alizipangusa na kumpangia bintiye kwenye kikapu, tayari kwa kazi. Gasaro ndiye mtoto pekee aliyewabakia. Dadake alichukuliwa na kipindupindu.

Mkubwa wake wa kazi alikuwa safarini, na Gasaro hakuwa na subira. Mchana uleule alimweleza baba bila kumficha: bakteria hula uozo, wadudu wadogo wa majini hula bakteria, sambaza hula wadudu hao. Wa chini wakiisha, wa juu wote watakufa njaa.

"Lakini jana tulijaza ndoo sita," Sibomana alisema.

"Ni za mwisho, Papa. Uzisha mitumbwi mbele batu bajue."

Mzee aliwaza: auze kabla watu hawajajua? Binti huyu alimsomesha kwa sambaza. Asipomwamini yeye, amwamini nani? Mitumbwi yake mitatu, iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ndiyo ilikuwa maisha yake yote, na wavuvi saba walikula humo. Siku ya tatu mnunuzi mmoja, Muderhwa wa Bukavu, akaja akaichukua pamoja na nyavu na taa, kwa bei ya kutupa.

Wavuvi walitawanyika, wengine bila hata kuaga. Sibomana akapanda mlimani hadi Giheke kulima mashamba ya watu, miaka sitini na miwili mgongoni. Nyumba ikawa na uchungu usiosemeka, na Gasaro alijifariji kwa jambo moja tu, kwamba alisema kweli.

Jumapili baada ya misa alimwambia mama kwamba, kwa kuwa Papa haendi tena ziwani, kesho atateka maji mwenyewe.

Épiphanie akaacha kupepeta maharagwe, akamshika mkono.

"Teka, mutoto yangu, lakini usiyaguse. Kolera ilishanibebea mutoto moja. Uniletee kwanza niyachemshe, vile nafanyaka na zile chupa zote za Papa yako."