Mkono wa Shebughe

Marehemu wote wa mji ule walivaa koti moja. Fundi Kupaza aliwachora kwa penseli, wakubwa kama walivyokuwa wenyewe, na mabega na mikono aliifuatisha kwenye kadibodi aliyoikata tangu ujana wake. Uso tu ndio aliutoa kwenye picha ya kitambulisho. Hakuna mfiwa aliyewahi kulalamika, mpaka Zaina alipokuja kumchukua mumewe.

"Uso ni wake," alisema. "Mkono huu wa nani?"

"Wa marehemu, dada."

"Shebughe hakuwa na mkono huu, fundi. Mashine ya mkonge ilimla vidole viwili. Juzi ikammaliza mwenyewe."

"Watu wanapenda wapendwa wao waonekane wazima."

"Ule uliokatika vidole ndio ulionilisha mimi na wanangu."

Kupaza akaufuta mkono kwa ufutio, taratibu, mpaka karatasi ikabaki na doa la kijivu. Kisha penseli ikamgomea. Bila kadibodi hakujua pa kuanzia.

Zaina akakunja vidole viwili vya mwisho chini ya kiganja, akaulaza mkono wake juu ya lile doa.

"Fuatisha hapa. Ila penseli ikae mbali kidogo, wake ulikuwa mkubwa."

Penseli ikazunguka polepole, ikapita pale palipokosa vidole, ikarudi kwenye kifundo.

"Tayari, dada. Inua."

Zaina hakuinua. Aliuacha mkono wake pale pale, ndani ya ule mkubwa.