Vidonge vya Baba Mkwe

Siku hizi sheria inataka kila nyumba imeze vijidudu vyema vya tumbo la mzee wake mwenye afya, ili matumbo ya wote yawe kama lake. Kwetu mzee huyo ni mimi, niliyezunguka nchi nikila mnavu, kunde na mlenda. Binti yangu Mwasiti hukausha mavi yangu, akayajaza kwenye vidonge. Mumewe Hamdani, ambaye kwa heshima ya ukwe hali nami sahani moja, humeza vidonge hivyo mbele yangu. Kichefuchefu hunishika mimi, si yeye.

"Tumbo limetulia kabisa, baba," husema akilamba midomo.

Jana niliwaambia, "Kesho naondoka. Miguu inaniwasha."

Mwasiti alicheka, akaniongezea mchicha. "Baba nawe! Uende wapi na tumbo letu?"

Hamdani aliinuka, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

"Kula, baba," alisema kwa adabu, macho chini.